Firigisi ya Mzee Makhanu

Ndugu yangu Willis alipookoka, watu wa Chekalini walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda kuhesabu kuku wangu.

Nilikuwa na sababu. Mwaka jana wazazi wa kijana anayemtaka Kavetsa, binti wa marehemu kaka yetu, walikuja kujitambulisha. Willis ndiye aliyepika, maana kwa kuku hana mpinzani Lugari nzima. Mzee Makhanu, baba wa kijana, alifunua bakuli, akapekua mchuzi kwa kijiko, akafunika. Firigisi haikuwamo. Kwetu mgeni wa heshima asipopewa firigisi ametukanwa, hata umchinjie kuku wa kijiji kizima. Mzee alichukua kofia yake, na uchumba ukaondoka naye. Willis akaapa kwamba hakuiona, midomo ikimng'aa mafuta.

Kavetsa alilia tangu palizi hadi mavuno.

Mwaka huu mzee alikubali kurudi, mara ya mwisho. Akiudhika tena, kijana ataoa kwingine. Sasa nashangaa Kavetsa ananiambia, "Senje, wacha baba mdogo apike. Aliniomba msamaha. Amebadilika."

"Mtu habadilikangi," nikamjibu mimi shangazi yake. "Anabadilishanga shati."

Lakini nikipika kuku mimi, hata mbwa huondoka. Kwa hiyo nilikubali, kwa sharti moja: firigisi ikiiva, mkubwa wa boma hili, yaani mimi Muhonja, ataitoa na kuilinda mwenyewe.

Willis hakubisha. "Ni sawa, dada. Hata mimi ningejilinda."

Ikaiva. Nikaiopoa, nikaitia kikombeni, nikafunika kwa kisahani, nikaingia nayo chumbani na kurudisha mlango. Tukabaki wawili, mimi na firigisi. Nikafunua kuhakikisha kama ipo. Ipo. Nikafunua tena. Harufu yake, Mungu anisamehe! Nikawaza: je, ikiwa ngumu, mzee mwenye meno ya kuhesabika si ataona amedhihakiwa? Nikaonja ukingo. Laini. Na chumvi je? Kiongozi lazima awe na hakika. Kufumba na kufumbua, kikombe kitupu na mimi natafuna.

Willis akasukuma mlango. Wageni walikuwa wameketi, na alikuja kuichukua. Alitazama kikombe, akatazama shavu langu. Nami sikuweza kujitetea, kinywa kilikuwa na kazi. Alibeba bakuli hadi sebuleni, nikimfuata nyuma, akapiga goti mbele ya Mzee Makhanu.

"Mzee, imondo, hiyo firigisi yako, haiko. Mpishi ni mimi, lawama ni yangu. Msichana hana makosa."

"Wewe tena?" Mzee akanyakua kofia.

Ningeweza kunyamaza. Chekalini yote ingeapa ni Willis, na mimi ningeapa wa kwanza. Nilikuwa hata nimeshaandaa uso wa masikitiko. Kisha nikamwona Kavetsa akimtazama yule baba mdogo aliyemwamini, akafumba macho. Nikaona aibu iliyoniwasha kuliko pilipili.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeila saa hii. Hata sijamaliza kumeza."

Mama wa kijana akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Mzee Makhanu akamtazama Willis, akanitazama mimi, akamrudia Willis.

"Mwaka jana huyu alikula akakataa," akasema. "Leo hajakula, na amekubali. Maneno ya watoto nitaongea na yeye. Wewe mama, enda utafute kuku ingine."

Akaketi.

Basi mkubwa wa boma nikatoka nje kumkimbiza jogoo kwa viatu vya kanisani. Kavetsa akanifuata. Nikajua sasa nitatapikiwa yote, na ni haki yake. Alimkamata jogoo, akanipa miguu nishike, halafu akanipangusa mchuzi kidevuni kwa kidole gumba, taratibu, kama anayempangusa mtoto.

"Usijali, Senje," akasema. "Hata wewe utabadilika."

Nilitaka kumzaba kofi. Nikalia.