Alama Inayomeza Maneno

Shoga, nimechoka hoi, lakini lazima nikwambie! Bosi alisema somo langu la kompyuta likisomeka vizuri mtandaoni leo, ananiajiri. Napandisha, alama ya < imemeza nusu ya somo; tovuti imeidhania amri. Kuna msimbo unaoandikwa badala yake, nami nimeusahau tena! Nikafungua blogu yangu nilikouhifadhi. Nakuta: "Ukitaka <, andika <." Jamani! Hata msimbo wenyewe tovuti iliugeuza alama.

Nikampigia kaka yangu, fundi wa tovuti.

"Wewe kichwa maji, umesahau tena?"

"Kaka, nitajie kwanza, utanicheka jioni."

Akanitajia huku anacheka. Somo likatoka zima. Bosi akalisoma, akapiga miayo: "Haya, kesho uje kazini."

Nimefurahi, shoga, ila hata kusimama siwezi.