Bolti ya Nne

Mama alikuwa ameshonwa mgongo, na daktari alikataza asirushwerushwe njiani. Ndiyo maana binti yake aliingia asubuhi uvunguni mwa gari kuukuu la familia kubadilisha shokapu za nyuma. Bolti tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeliwa na kutu.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, mama ameruhusiwa. Tuko kwenye benchi hapa nje ya wodi, na hawezi kukaa sana. Uko wapi?"

"Niko njiani," alidanganya, jasho likimwingia machoni.

Aliimwagia bolti mafuta, akangoja, akaigonga taratibu kwa nyundo. Ingekatika, gari lingebaki juu ya jeki. Akachomeka bomba refu kwenye spana, akavuta. Kitu kikalia kwaa! Hakuthubutu kutazama, akapapasa kwa vidole. Bolti ilikuwa nzima, nayo imelegea.

Walipotoka hospitali, mama akiwa kiti cha nyuma, wakafika tuta la kwanza; binti alilipanda polepole, macho kwenye kioo.

"Mama, umeumia?"

"Mbona unaendesha kama umebeba mayai?" mama akasema. "Nina njaa, mwanangu. Kanyaga mafuta."