Usipumue Mpaka Niseme

Jumamosi asubuhi mpiga picha za pasipoti alimketisha mama yake kwenye kigoda cha studio, akamfuta jasho puani kwa kitambaa cha lenzi, akalivuta pazia jeupe lisifanye mikunjo. Dada yake ndiye aliyeshauri wampige mama picha "ya ukumbusho". Kikohozi cha mama kilikuwa kimeanza kutoa sauti ya gunia linaloburutwa, na ukumbusho wa nini, kila mtu alijua.

"Hii ndiyo ya kusimama juu ya jeneza?" mama aliuliza. "Basi pua uipunguze. Sitaki majirani wacheke badala ya kulia."

"Mama, acha hizo. Tazama hapa. Usipumue mpaka niseme."

Ndivyo anavyowaambia wateja wote. Mama akajaza mashavu, akatulia. Taa ikamulika. Mpiga picha akafungua mdomo aseme "pumua", akasikia jinsi chumba kilivyokuwa kimya. Kikohozi hakikuwapo. Akajiuliza: pumzi hiyo ikitoka, itarudi nyingine?

"Bado, mama," alisema. "Mwanga haujakaa sawa."

Haujakaa sawa hadi leo. Mvua zimekuja na kwenda, mama yupo kigodani, mashavu kama ya mpiga tarumbeta. Hazeeki, hakohoi. Wateja humwamkia, naye huwapungia mkono. Dada huja kumpangusa vumbi mabegani.

"Kaka, mwachie mama," humnong'oneza.

"Mwambie wewe basi."

Dada huinamisha kichwa na kuendelea kupangusa.

Siku hizi mpiga picha huwatoa wateja hadi barabarani ndipo awaruhusu kupumua, mama asije akasikia. Wengine hufika huko macho yamewatoka pima. Hawalalamiki, picha zake ni nzuri. Redio aliiuza, maana daktari wa kipindi cha afya alikaribia kulitamka neno lenyewe.

Jana mama alimvuta shati. Akagusa kifua chake mwenyewe, akaonyesha mlango, akamtazama.

"Nakuja sasa hivi, mama," alisema, jibu lilelile alilokuwa akimpa kwenye simu miaka yote kabla mama hajaanza kukohoa. Akaenda kumhudumia mteja.

Mama akanyoosha mgongo, akaielekea kamera. Kumngoja mwanawe alikwishazoea.