Spika za Eda

Siku ya thelathini na moja ya eda ya Zeyana, kaka yake Thuwaini aling'oa mlango wa kabati la chakula, akaanza kukata bati lake kwa mkasi. Bati lile lilikuwa la kuzuia nzi, lenye matundu madogo yaliyolingana. Alikata vipande vinne vya mviringo, kila kimoja sawa na kifuniko cha kopo la kahawa.

Thuwaini alikuwa fundi redio hapo Ng'ambo, Tabora. Redio haikuweza kuimba katika nyumba yenye mjane wa eda, lakini Zeyana alikuwa amezoea taarifa ya habari ya saa kumi, ambayo marehemu mumewe Majid, dereva wa lori, hakuikosa kila aliporudi safari. Basi Thuwaini aliamua kumtengenezea spika za masikioni, asikie peke yake.

"Za dukani si zipo?" Zeyana aliuliza.

"Zina sumaku, zinalemea kichwa. Hizi hazina. Ni utando tu katikati ya mabati mawili. Umeme unauvuta huku na huku, nao unasema."

Utando aliupata kwenye nailoni inayofunika pakiti za sigara. Aliunyoosha juu ya duara la kadibodi hadi ukalia kama ngoma ndogo alipoupuliza. Umeme mkali aliutoa kwenye transfoma ya redio ya zamani ya taa za kioo. Chuma cha kushika kichwa kilitoka kwenye mwavuli wa Majid, na mito ya masikio Zeyana aliishona kwa kaniki.

Ilibaki kuupaka utando unga wa kalamu ya risasi, kwa sababu nailoni tupu haishiki umeme. Nyumbani mlikuwa na kipande kimoja tu cha kalamu hiyo, chenye rangi ya buluu kwa nje, kilichotafunwa mwishoni. Kilikuwa ndani ya bahasha iliyoletwa na Yoramu, karani wa ofisi ya serikali, pamoja na saa ya Majid, leseni yake na kitana. Hakikuwa cha Majid. Yoramu alikuwa amekitia humo kwa bahati mbaya. Thuwaini alikisaga chote, akausugua unga kwa pamba mpaka utando ukawa kijivu.

Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa pia na nakala ya ripoti ya ajali. Ilisema kwamba lori lililokuwa likihamishia watu kwenye kijiji kipya cha Ujamaa, mbele ya mji mdogo wa Ziba, lilitumbukia korongoni kwa uzembe wa dereva, ambaye alisinzia. Abiria watatu walikufa pamoja naye. Tangu siku hiyo wanawake waliokuja kumpa Zeyana pole hawakusema Mungu amrehemu. Walisema Mungu amsamehe. Zeyana alitaka neno hilo liondoke kabla eda haijakwisha. Hakutaka kingine.

Saa kumi alizivaa. Taarifa ya habari haikuja. Alisikia mbuzi, watoto, injini ya lori, kisha Majid.

"Mzee, breki hazishiki. Jana nimesema, na leo nasema."

"Wewe Mwarabu, unataka nikalale porini na watu hawa?" ilijibu sauti nyingine. "Endesha."

Baada ya hapo ulikuja mshindo, ukafuatwa na ukimya mrefu. Halafu sauti ya karani Yoramu ikauliza, "Niandike nini, mzee?"

"Andika dereva alisinzia."

Kalamu ikakwaruza karatasi. Zeyana alizivua, akamwambia kaka yake kwamba sauti ni safi, ila sikio la kushoto linabana.

Thuwaini alisikiliza, akalegeza upande wa kushoto. Kesho yake alimwita Yoramu.

Yoramu aliketi upande wa pili wa pazia, kama inavyompasa mwanamume wa kando kwa mwanamke wa eda. Zeyana alimpitishia spika chini ya pazia, waya ukiburuzika sakafuni.

"Usiguse bati la ndani, ndugu karani," Thuwaini alimwonya. "Utatuongezea msiba."

Yoramu alisikiliza mpaka mwisho. Zeyana alimsikia akikohoa mara moja.

"Sauti yangu ndiyo hiyo," Yoramu alisema. "Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu siku ile. Nimeitafuta sana."

"Basi badilisha ripoti," alisema Zeyana.

"Imeshapigwa taipu, mama. Nakala nne. Mzee uliyemsikia ameshatia sahihi."

"Na wewe umesikia."

"Nimesikia, mama. Hata siku ile nilisikia."

Chai ililetwa, Yoramu akainywa yote. Alipoinuka alimuuliza Thuwaini kama angeweza kuitengenezea ofisi spika kama zile, maana redio ya pale ilikuwa na mikwaruzo. "Ila unga wake," alisema, "utoke kwenye kalamu mpya. Ambayo haijaandika kitu. Nitaileta mwenyewe."

Aliileta Jumatatu, haijachongwa. Spika za ofisi zilitoa taarifa ya habari na nyimbo, na hazikutoa kitu kingine. Watu wa ofisini walizisifu.

Eda ilipokwisha, Zeyana alioga, akavaa kanga ya rangi, akaenda sokoni. Kwenye vitunguu alikutana na Semeni, jirani yake.

"Afadhali umetoka, shoga. Umekonda! Na Majid, Mungu amsamehe."

"Amina," alisema Zeyana, akachagua vitunguu.

Alirudi kabla ya saa kumi. Aliketi na ungo wa mchele mapajani, akavaa spika. Redio za majirani zilikuwa zikiimba, na sasa hata ya Thuwaini ingeweza kuimba bila kosa. Majid akasema breki hazishiki. Zeyana akaitikia kwa kichwa, kama alivyofanya jana, akatoa jiwe moja kwenye mchele na kuliweka kando.