Usiku wa Ijumaa kwa Hesabu ya Mashine

Mwaka 1971 nilirudi Unguja kutoka masomoni na cheti cha kuendesha kompyuta. Nikapewa chumba chenye feni mbili huko Vuga, mashine kubwa kuliko kabati la bibi harusi, na madaraka ya kuipangia kazi. Kazi zilifuatana kwa ratiba niliyoibandika ukutani: kwanza mashine ijumlishe mizani ya karafuu ya vituo vyote, ndipo itoe ripoti. Ikitanguliza ripoti, hutoa takwimu za wiki iliyopita, tena kwa chapa safi kabisa.

Siku moja ikatanguliza. Nilikuwa nimeandika kwamba ripoti ifanywe "usiku wa Jumanne". Mcha, aliyekuwa akiilisha mashine kadi zenye matundu ya hesabu zamu ya jioni, aliifanya Jumatatu baada ya Magharibi, mizani ikiwa bado haijajumlishwa.

"Jua likishatua Jumatatu, Jumanne si ishaingia?" aliniuliza. "Au huko ulikokwenda jua halitui?"

Kwa hesabu ya kila mtu wa kwetu, usiku hutangulia mchana wake, na Mcha alikuwa sahihi. Lakini mimi nilikuwa na cheti. Niliwakusanya wote nikatangaza kwamba tangu siku ile, siku inaanza saa sita ya usiku. Nikaongeza kanuni ya pili: kazi itakayokosa zamu yake itapelekwa mwisho wa foleni, bila kujali ni ya nani.

"Hata yako, Ndugu Miraji?" aliuliza Shemsa, mtoboaji wetu wa kadi.

"Hata yangu."

Shemsa ndiye niliyetaka kumuoa. Nilikwisha kumwambia, naye alikwisha kunijibu kwamba yeye hana neno, ila nimtume mtu kwa baba yake. Wiki mbili baada ya mkutano ule alinijia na jibu.

"Baba kasema wazee wako waje usiku wa Ijumaa."

Maneno yalikuwa hayo tu. Ningemfikishia Ami Mmanga, ndugu wa baba yangu, kama nilivyoyapokea, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini niliona yana utata, na kazi yangu ni kuondoa utata. Nikayasafisha.

"Ami, ni Ijumaa, baada ya Isha."

"Ijumaa yenyewe, jua likishatua?" Alinitazama. "Ndivyo alivyosema mzee mwenzangu?"

"Naam. Ijumaa yenyewe."

Alhamisi jioni, wakati baba yake Shemsa amevaa kanzu mpya na kukaa mlangoni, mimi nilikuwa ofisini nikipanga kazi za wiki inayofuata. Ijumaa Ami Mmanga alikwenda na wazee wawili. Alirudi upesi mno.

"Nimeulizwa kama kwetu kumefiwa," alisema huku akivua kofia. "Nikajibu hapana. Nikaulizwa basi jana tulikuwa wapi. Halwa ya watu imekaa mpaka imetoka mafuta. Miraji, nani kakwambia Ijumaa?"

"Yeye mwenyewe, ami. Usiku wa Ijumaa."

Hakunitukana. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na ningependelea anitukane.

Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya meza ya Shemsa. Nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye sehemu tatu. Hakuacha kutoboa kadi.

"Kazi yako ilikosa zamu," alisema.

"Ilikosa kwa sababu..."

"Kanuni haisemi sababu. Inasema mwisho wa foleni."

Mcha akajitia kutafuta kitu nyuma ya mashine. Mabega yalimtikisika.

"Foleni ina wangapi?" niliuliza. Sauti haikutoka kama ya mkuu wa chumba.

Alimaliza kadi, akaitoa, akaikagua kwenye mwanga.

"Mpaka sasa umo wewe tu. Lakini baba kaghadhibika, na mama ndiye aliyekuombea. Baba kasema mara hii ni ya mwisho. Waje usiku wa Jumatatu."

Nilifungua mdomo kuuliza kama maana yake ni Jumapili. Nikaufunga.

Nilitoka mbio mpaka kwa Ami Mmanga nikamfikishia maneno yale yale, sikuongeza wala sikupunguza.

"Unajua maana yake?" aliniuliza.

"Sijui, ami," nilisema. "Ndiyo maana nakutuma wewe."