Matanga ya Cédric

Masika, fundi cherehani wa Jeppestown, hakuwahi kumlilia mwanawe mbele za watu. Mwaka wa kumi sasa tangu Cédric atekwe kwenye barabara ya Beni na mwili wake usionekane. Wakweze walikata shauri: hakuna maiti, hakuna matanga. Wepesi wao! Naye, kwa karatasi yake ya ukimbizi, hakuweza kurudi Kongo kubishana nao.

Siku moja mteja wake, Maman Murielle wa mtaa jirani wa Kensington, mjane mwenye pasipoti safi na nafasi ya kuitumia, alileta sketi zake za safari zipunguzwe. Alikuwa anakwenda Bhutan, kwenye milima ya Himalaya, kuona ngoma za vinyago na kulala majumbani mwa wenyeji. Akamwonyesha video kwenye simu: nguzo ndefu kilimani, kila moja na kitambaa cheupe kinachopigwa na upepo.

"Matanga," akasema Masika, maana aliona kama ya mashua.

"Ni ya matanga kweli, Maman! Banasimamishaka juu ya kuombea mutu mwenye alikufa. Upepo inabeba maombi mpaka kitambaa inaoza."

"Hata kama maiti haikuonekana?"

"Upepo itauliza maiti ya nini?"

Masika alitaka kumkumbatia. Akanunua pamba nyeupe nzuri, sare za shule za watu zikalala, akashona pindo lote kwa mkono. Pembeni akadarizi jina la mwanawe kwa uzi mweupe, akamkabidhi Maman Murielle kitambaa akakisimamishe kule. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alishona vizuri kupita kiasi.

Baada ya wiki mbili picha ikaingia kwenye simu: kitambaa chake kimesimama kati ya vingine, kimejaa upepo. Siku hiyo Masika alifunga duka, akapika, akaita majirani, akalia kwa sauti hadi ikakauka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tangu hapo, kila upepo ulipovuma Jeppestown, aliinua uso na kumwambia mwanawe, "Endelea, baba."

Maman Murielle aliporudi alikuja na zawadi bapa iliyofungwa kwa karatasi. Masika akaifungua. Ndani ya fremu, chini ya kioo, kilikuwa kitambaa chake, kimepigwa pasi.

"Nilisema, kazi muzuri hivi ikaoze na mvua? Hapana! Nikaianua."

Kuanua: ndivyo tunavyosema kwa nguo za kwenye kamba, na ndivyo tunavyosema msiba unapokwisha, kuanua matanga.

"Ilikaa siku ngapi kule?" Masika akauliza.

"Siku? Ah, Maman, ilikuwa juu ya foto tu. Nilipiga, nikaianua palepale."

Masika akashukuru, kama mtu anavyomshukuru mteja. Basi siku ile alipokuwa akilia, majirani wamemshika mabega, Cédric alikuwa ameshakunjwa, yumo ndani ya begi.