Rehani Ndani ya Mafuta

Mirehani ya fundi cherehani ilistawi kwenye makopo ya rangi dirishani hata ikamzibia mwanga wa kushonea. Akaichuma. Kutupa hata jani moja aliona ni kufuru. Akaosha majani, akayashindilia kwenye chupa pamoja na vitunguu saumu, akamimina mafuta mpaka yakazama, akazipanga chupa kwenye rafu juu ya jiko. Moja akampelekea shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki.

Wiki iliyofuata, jirani yake muuguzi alikuja kuchukua gauni. Macho yake yakaishia kwenye rafu.

"Shoga, majani uliyakausha kwanza?"

"Niyakaushe ya nini? Rehani mbichi ndiyo inayonukia."

"Na friji?"

"Si mafuta yanahifadhi?"

Muuguzi akaliweka gauni chini. "Mafuta yanazuia hewa tu. Kuna vijidudu vinazaliana hapo hapo pasipo hewa, vinatoa sumu. Hainuki, haionekani. Inaanzia machoni: mtu anaona vitu viwiliviwili, kope zinashuka. Kisha koo. Kisha pumzi. Umempa mtu?"

Fundi akaikwapua simu yake. Simu ya shangazi iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, huku anakimbia, tepu ya kupimia ikimpigapiga kifuani. Mungu wangu, asiwe ameifungua.

Mlango ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na mkate uliokatwa, na chupa imefikia nusu, kijiko kimesimama ndani.

Shangazi alikuwa amelala chali kitandani, mchana kweupe.

"Shangazi!"

"We mtoto! Unanipigia kelele kama dalali?"

"Umekula ile rehani?"

"Jana, na leo asubuhi. Tamu hiyo! Nilitaka nikuombe nyingine."

Akamshika mashavu. "Niangalie. Unaniona wangapi?"

"Mmoja. Na kwa fujo zako, huyo mmoja ananitosha."

Hospitalini daktari alimmulika shangazi macho, akamnywesha maji aone anavyomeza, akaichukua chupa. "Dalili sijaziona bado, lakini huweza kuchelewa. Mmefanya vizuri kuja mapema. Atalala hapa tumwangalie."

Fundi akaketi kando ya kitanda. Kila shangazi alipomeza mate, naye alimeza.

"Nimekulisha sumu kwa mkono wangu."

"Ulinilisha kwa moyo mweupe. Tukitoka hapa utayakausha majani yako kivulini, nami nitakula, tena mbele ya huyo muuguzi." Shangazi akamshika mkono. Mkono wenyewe ulikuwa na joto lake la siku zote.

Jioni ilipoingia, kope ya jicho lake la kushoto ikashuka taratibu. Fundi akasimama. Ya kulia nayo ikafuata.

"Shangazi! Wangapi?"

Akamwekea kiganja kifuani, akingoja kiinuke.

Jicho moja likafunguka.

"Mmoja. Na hajui kulala, wala haachi wenzake walale."

Fundi akaketi tena. Kiganja hakukiondoa.